Siku mbili upande wa magharibi wa San Antonio

Basi lilitoka Dallas saa kumi na moja alfajiri, na mpaka tunapita Waco nilikuwa nimeshalala na kuamka mara mbili. Nilikuwa nakwenda San Antonio, jiji jingine la Texas, kwa mwaliko wa dada mmoja ninayefanya naye kazi ya kuhudumia wazee. Yeye ni mzaliwa wa huko, na babu zake walitoka Meksiko. Mwaliko wake ulikuja na sharti moja: “Vaa viatu vya kutembea. Mama yangu hatakuacha ukae.”

Mama alitupokea kituoni akiwa na kofia ya majani na mfuko wa kitambaa uliojaa fomu. Umri wake umepita sabini. Tangu dakika ya kwanza aliniita mija, yaani mwanangu, nami nikamwita Mama, tukawa tumeshajuana.

Kabla hata ya chakula alitupeleka kwenye kijito cha Alazán. Ilikuwa Septemba, jua kali, na maji yalikuwa kiasi cha kulowesha vifundo vya miguu. Akanionyesha kwa fimbo yake: hapa kilipopita zamani, hapa kiliponyooshwa, pale maji yalipokuwa yakiingia majumbani. Mimi nimekulia Magomeni, ninajua Jangwani ikifurika inakuwaje. Kwa hiyo aliposema kwamba utotoni wao viatu vya shule viliwekwa juu ya kabati kila wingu likitanda, sikuhitaji maelezo zaidi.

Agosti 1974 mvua ilinyesha, mitaa ya magharibi, wanakoishi wengi wenye asili ya Meksiko, ikajaa maji tena. Mwaka huohuo parokia za Kikatoliki za upande huu zilikuwa zimeungana na kuunda chama kilichoitwa COPS, kwa msaada wa kijana wao Ernesto Cortés aliyekuwa amesomea kazi ya kuunganisha wananchi. Wakaenda kwenye baraza la jiji kwa mamia, wengi wao kina mama wa kanisani, na maswali yao yalikuwa ya mitaro tu. Ikabainika kwamba mradi mmoja wa mitaro ulikuwa umelala kwenye makabrasha ya jiji tangu 1945. Miaka 29! Novemba 1974 wapiga kura wakaridhia jiji likope dola milioni 46.8 kwa ajili ya mitaro.

Kilichomfanya Mama acheke mpaka ashike ukingo wa daraja ni kisa cha duka la Joske's. Mwaka 1975 wanachama wa COPS waliingia katika duka hilo la wenye nacho, wakaanza kujaribu makoti ya manyoya, moja baada ya jingine, kwa adabu zote, bila kununua. Wengine walikwenda benki kubwa ya mjini kubadilisha dola kuwa senti, kisha senti kuwa dola, foleni ikaganda. Walitaka wakubwa wa biashara waketi nao, maana ndio waliokuwa wakisikilizwa na jiji. “Lile koti lilikuwa na joto,” Mama alisema. “Lakini nilivaa matano.”

Nilimuuliza swali lililokuwa likinikereketa: mlikuwa wengi kiasi hicho, mbona hamkuwa na diwani wa kuwasemea? Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya. Hadi 1977 San Antonio haikuwa na diwani wa kata. Kila diwani alichaguliwa na jiji zima. Mtu wa magharibi angeweza kupata kura za majirani zake karibu wote, halafu kura za upande wa kaskazini, kwenye pesa za kampeni, zikazifunika. Rosie Castro aligombea hivyo mwaka 1971, akashindwa. Ongeza na kodi ya kupigia kura ambayo Texas iliitoza mpaka 1966: baba yake Mama aliichanga sarafu kwa sarafu ndani ya kopo la kahawa. Nawasikia watu, hata Waafrika wenzangu, wakisema Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, hawajali kura. Natamani wangesimama nami pale darajani.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura, ile ya Marekani iliyopiga marufuku ubaguzi kwenye kura, ilipanuliwa mwaka 1975 ili iwalinde Walatino pia, na serikali ya Washington ikaibana San Antonio. Januari 1977 wananchi wakapitisha, kwa tofauti ndogo, mfumo wa kata 10. Uchaguzi uliofuata, katika baraza la watu 11 akiwemo meya, wakaingia watano wenye asili ya Meksiko na mmoja Mweusi. Mwaka 1981 Henry Cisneros akawa meya. Na Julián, mwana wa yule Rosie aliyeshindwa, akawa diwani 2001 na meya 2009.

Siku ya pili ndiyo ya viatu. Mama ni wakala wa kuandikisha wapiga kura, mwenye cheti cha wilaya ya Bexar. Kazi hii hapa ina jina la mtu: Willie Velásquez, mtoto wa San Antonio aliyeanzisha mwaka 1974 mradi wa kuandikisha Walatino nyumba kwa nyumba, akafariki 1988 akiwa na miaka 44 tu. Kaulimbiu yake, su voto es su voz, kura yako ndiyo sauti yako, imeshonwa kwenye mfuko wa Mama kwa uzi mwekundu.

Nyumba ya tatu alitoka kijana wa miaka 17 na miezi 10. Texas inaruhusu kujiandikisha katika umri huohuo, mradi siku ya kura awe ametimiza 18. Mama aliikagua fomu yake mstari kwa mstari, akamrudishia aweke tarehe aliyoisahau, kisha akamkatia stakabadhi.

Nyumba nyingine alifungua mwanamke wa makamo, mikono ina unga wa mahindi. Akatazama fomu, akatikisa kichwa. Yeye si raia. “Ngojeni,” akasema, akaita ndani, akatoka binti yake. Muda wote binti akijaza, mama yake alisimama nyuma yake, ameuweka mkono mmoja begani kwake, ile mikono ya unga. Doa lilibaki kwenye fulana.

Jioni nilimwambia Mama kwamba niliapa uraia mwezi Machi, kiapo kilichonigharimu pasi yangu ya Tanzania, na tangu hapo sijajiandikisha. Hakunilaumu. Alisema yeye haruhusiwi kupokea yangu, kwa kuwa cheti chake ni cha Bexar na mimi naishi Dallas. Akanipa fomu tupu na kunihesabia siku: lazima iwasilishwe au itiwe posta angalau siku 30 kabla ya uchaguzi.

Niliijaza ndani ya basi, juu ya goti. Swali la kwanza linauliza kama wewe ni raia wa Marekani. Nilikaa nalo mpaka tulipoipita Austin, ndipo nikatia alama. Simu ikaita.

“Umeweka sahihi?”

“Nimeweka, Mama.”

“Na tarehe?”

Nikatazama chini ya karatasi, nikaitafuta tena kalamu.