Vigae vya prizimu: anga kwanza, pembe baadaye

Wanaofuatilia mradi huu wanajua shida yangu: chumba cha nyuma, dirisha moja, na mbele yake ukuta wa jirani. Mchana kutwa taa inawaka. Dawa ninayoijaribu ni ya zamani: vigae vya prizimu. James Pennycuick aliipatia hataza mwaka 1885, na kufikia 1897 kampuni ya Luxfer ya Chicago ilikuwa ikiuza vigae vya kioo vya inchi 4 kwa 4, laini upande wa nje, vyenye matuta ya kulala upande wa ndani. Nuru inayoshuka kutoka juu hupindishwa na matuta hayo, ikasukumwa hadi kina cha chumba.

Frank Lloyd Wright, msanifu majengo maarufu wa Marekani, akiwa bado kijana aliwachorea Luxfer nakshi za upande wa nje. Zinapendeza, lakini kazi yote inafanywa na pembe ya tuta, na pembe hiyo haichaguliwi kwa macho. Mwanafizikia Henry Crew na mwenzake Olin Basquin waliiandikia kampuni kitabu cha mwongozo mwaka 1898, na vigae vilitengenezwa kwa pembe mbalimbali kwa sababu kila dirisha lina anga yake.

Basi nikapima anga yangu. Kipimapembe cha shuleni, uzi, na nati ya kuning'inia. Nikipima kutoka usawa wa mlalo kwenda juu, ukuta wa jirani unakata kila kitu chini ya nyuzi 38. Ukingo wa paa langu unakata juu ya 55. Utepe mwembamba tu. Nimeshika 45, karibu na katikati.

Vigae vyangu navimimina mwenyewe kwa rezini, plastiki ya maji inayoganda. Hesabu, kwa rezini inayopinda nuru karibu sawa na kioo (kipeo cha mpindo 1.5): mwale wa nyuzi 45 ukiingia ndani ya kigae unabaki ukishuka kwa 28. Uso wa tuta ukilazwa nyuzi 55 kutoka wima, mwale unatoka ukishuka kwa 12 tu. Bila kigae, nuru inayopita mita 2 juu ya sakafu inaanguka mita 2 kutoka dirishani. Ikiwa na kigae inafika ukuta wa nyuma, mita 5, ikiwa bado juu kidogo ya usawa wa meza.

Upande wa pili wa tuta ndio watu husahau. Nimeuinamisha nyuzi 28 zilezile, sambamba na mwale ulio ndani, ili usizuie chochote. Ncha ya tuta inakuwa na nyuzi 63. Kutoka ncha ya tuta hadi ncha ya linalofuata zikiwa milimita 6, kina cha tuta kinakaribia 5.

Kalibu ni ya alumini, imechongwa na fundi wa mashine baada ya kunoa kisu kwa kipimo changu. Kung'arisha nimefanya mwenyewe: msasa namba 400, 800, 1500, kisha dawa ya kung'arishia rangi ya gari. Kila mkwaruzo wa kalibu unahamia kwenye kigae, na sehemu inayochosha kuliko zote ni mfereji wa chini, ambako kidole hakifiki. Natumia njiti ya mshikaki iliyozungushiwa msasa. Chupa ya rezini naipasha kwenye maji ya vuguvugu ili mapovu yapande haraka, kisha nafunika juu kwa kioo cha dirisha kilichopakwa nta. Uso wa nje unatoka bapa kabisa.

Jana usiku nilijaribu kigae kwa kalamu ya leza. Nilifukiza ubani ili mwale uonekane (mama akauliza kuna mgeni gani). Kuingia 45, kutoka 13. Nimeridhika. Mwanga kidogo unapotea kwenye ncha zilizoviringika, na vigae vya Luxfer vilivyogandamizwa kwenye kalibu navyo havikuwa na ncha kali kama wembe.

Rezini itageuka manjano kwa jua, najua. Vioo vya zamani vyenye manganizi navyo viligeuka zambarau.

Kinachofuata ni kuunganisha. Luxfer waliweka tepe za shaba kati ya vigae, wakazamisha fremu nzima kwenye maji ya mrututu (salfeti ya shaba) na kupitisha umeme mpaka shaba ikajijenga kwenye kingo. Mrututu unapatikana duka la pembejeo. Nitaanza na vigae vinne, kwenye ndoo, kwa chaja ya betri.