Kuijenga DDD kutoka chanzo

Leo nimeikompaili, yaani nimeigeuza kutoka msimbo wake wa chanzo kuwa programu inayoendeshwa, DDD, dibaga ya picha (zana ya kutafuta hitilafu ndani ya programu) ya mradi wa programu huria wa GNU, toleo 3.3.12 la mwaka 2009. Yapo matoleo mapya zaidi, kama 3.4.0 la 2023, na kwenye Debian, mfumo wa Linux ninaoutumia, amri moja tu ya apt, zana yake ya kuweka programu, ingeniwekea kila kitu. Lakini nimekuwa nikihangaika na hitilafu kwenye programu ya C niliyorithi kazini, na zana ninayoitegemea kuchungulia ndani ya kazi za wengine nilitaka nayo niichungulie ndani.

DDD ilianzia Braunschweig, Ujerumani, miaka ya tisini, kwa kazi ya Dorothea Lütkehaus na Andreas Zeller. Yenyewe haisimamishi programu wala kusoma kumbukumbu. Kazi hiyo ni ya GDB, dibaga ya GNU inayotumia amri za maandishi, ambayo Richard Stallman aliianza 1986. DDD huipelekea GDB amri, husoma majibu yake, kisha huyachora.

Nilipofungua kifurushi na kuendesha ./configure, skripti inayokagua kama kompyuta ina kila kinachohitajika, ikagoma mara moja: hakuna Motif. Hii ndiyo maktaba inayochora vitufe na menyu zake. Enzi DDD inaandikwa Motif ilikuwa ya kulipia, ndiyo maana wapenda programu huria wakaandika LessTif ili ichukue nafasi yake; Motif yenyewe ilipewa leseni huria ya LGPL mwaka 2012 tu. Nikaweka libmotif-dev na ncurses, maktaba ya skrini za maandishi, nikarudia, ikapita.

Kisha make, amri inayofanya ujenzi wenyewe. Mafaili ya C++ yakaanza kupita moja moja, mpaka kwenye strclass.C kompaila ikasimama na kusema haijui EOF ni nini. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami naona wanawahi mno. Skrini ilijaa maneno, lakini ujumbe wa kwanza kabisa ulitaja faili, mstari na jina lililokosekana. Mengi yaliyofuata yalitokana na huo. EOF, alama ya mwisho wa faili, hutangazwa ndani ya cstdio, faili la maktaba ya kawaida ya C++. Kompaila za zamani zilikuwa zikilileta faili hilo kimyakimya kupitia mafaili mengine, za sasa hazifanyi hivyo. Nikaandika #include <cstdio> juu ya strclass.C, nikaita make tena. Ujenzi ukafika mwisho, nikamalizia na make install ndani ya saraka yangu ya nyumbani kwa kutumia --prefix, chaguo la configure linalotaja saraka ya kuweka programu, bila kugusa mafaili ya mfumo.

Sasa ile hitilafu. Programu inatunza foleni ya ujumbe: kila nodi, yaani kila kipande cha foleni, ina pointa inayoshika anwani ya nodi inayofuata, na ya mwisho inashika NULL, yaani anwani tupu. Baada ya muda inakwama, prosesa ikizunguka bila kutoa chochote. Kuifuata foleni hiyo kwa GDB peke yake, ukichapisha nodi moja baada ya nyingine, ni kupapasa ukuta gizani. Nikaikompaili upya kwa -g (iwe na taarifa za dibaga) na -O0 (bila uboreshaji wa kompaila), nikaiacha ikwame, nikaikatiza, kisha ndani ya DDD nikaandika graph display *kichwa, ambapo kichwa ni pointa ya nodi ya kwanza. Kisanduku kikatokea. Nikabofya mara mbili kwenye pointa yake, kikatokea kingine, na kingine. Kwenye menyu ya Data nilikuwa nimewasha Detect Aliases, ambayo hulinganisha anwani za vitu vilivyochorwa. Nilipobofya nodi ya mwisho, hakikuongezeka kisanduku kipya. Mshale uligeuka ukarudi katikati ya foleni.

Nilifurahi mno. Chanzo kikaonekana palepale: ujumbe ukishindwa kutumwa, nodi yake inatolewa katikati na kupachikwa mkiani, huku pointa yake bado inaelekea kwa jirani wa zamani. Foleni inageuka duara. Nikaongeza mstari mmoja unaoiweka NULL kabla ya kupachika, nikaendesha tena, na safari hii visanduku vikaisha kwenye 0x0, yaani NULL.

Saraka ya chanzo cha DDD nimeiacha diskini. Kesho nitaanza kusoma sehemu inayolinganisha anwani, kwa sababu nataka kujua inafanyaje pale GDB inaporudisha anwani ileile kwa vitu viwili tofauti, kama muundo na sehemu yake ya kwanza.