Nilivyozunguka Bourgogne ya kusini kwa baiskeli na kwa miguu, bila gari

Kila niliyemweleza kwamba nataka kwenda kuona vijiji vya Bourgogne ya kusini, huku Ufaransa, alinipa jibu lile lile: bila gari hufiki popote. Shemeji yangu aliyeko Brussels alisisitiza mpaka akaanza kunitafutia gari la kukodi. Mimi leseni sina, na bei za magari hapa Lyon msimu wa kiangazi zinatisha. Basi nilikwenda kwa treni na baiskeli, na sehemu nyingine kwa miguu yangu. Niliona mengi kuliko wenye magari, nasema hivyo bila kusita, maana wao walikuwa barabara kuu na mimi nilikuwa katikati ya mizabibu na malisho ya ng'ombe weupe wa Charolais, wakubwa ajabu, wanaoinua vichwa na kukutazama mpaka upotee.

Kinachowezesha yote haya ni reli iliyokufa. Zamani treni ilitoka Chalon-sur-Saône, ikapita Givry, Buxy, Saint-Gengoux na Cormatin hadi Cluny, kisha ikateremka Mâcon. Safari zilipokoma vyuma vikang'olewa, na mwaka 1997 kipande cha Givry hadi Cluny, kilomita 44 hivi, kikafunguliwa kwa baiskeli na waendao kwa miguu. Ilikuwa mojawapo ya njia za kwanza za aina hiyo nchini Ufaransa. Wenyewe wanaiita Voie Verte, yaani njia ya kijani, na leo inafika karibu na Mâcon, jumla kama kilomita 70. Ina lami safi, magari na pikipiki hayaruhusiwi, na kwa kuwa treni haikuweza kupanda mlima mkali, njia karibu yote ni tambarare au inainuka polepole sana. Ukitaka kuendesha baiskeli Ufaransa na hujazoea milima, tafuta reli ya zamani. Ushauri mwingine unaweza kungoja.

Nami ningeanza na hiyo reli kama si mwenzangu wa kazini, mwendesha baiskeli wa miaka mingi, aliyenihakikishia kwamba kuna njia nzuri zaidi: nishuke kwenye treni Tournus, nikate kuelekea magharibi, nipande mlima wa Brancion, niteremkie Cormatin. "Kilomita 25 tu," alisema, "utafika kabla ya chakula cha mchana." Yeye ana baiskeli nyepesi ya mashindano. Mimi nilikuwa na baiskeli ya kukodi, ile ya mjini, nzito, gia chache, na nyuma mifuko miwili iliyobeba hema, godoro la kupuliza na sufuria. Hakuniuliza nitatumia baiskeli gani.

Mwanzoni barabara ilikuwa tamu kweli, mashamba ya ngano huku, misitu kule. Baada ya kijiji cha Ozenay ikaanza kupanda. Jua la Julai lilikuwa limeshika utosini, na kila nilipodhani kona ile ndiyo ya mwisho, nyuma yake kulikuwa na nyingine. Nikashuka nikaanza kusukuma. Kusukuma baiskeli yenye mzigo nyuma ni kazi tofauti kabisa na kuiendesha: gurudumu la mbele linataka kuinuka, pedali inakupiga ugoko, na mikono inachoka kabla ya miguu. Maji yalikwisha. Nikageuza nirudi kijijini nikatafute duka, nikakuta kila dirisha limefungwa, maana saa sita mchana hadi saa nane, na pengine hadi saa tisa, vijijini Ufaransa kila kitu hulala. Hakuna kioski. Hakuna mama wa kuuza chochote kando ya barabara. Hata mtu wa kumwomba maji sikumwona.

Niliokolewa na mzee mmoja mwenye baiskeli chakavu aliyepita akaniona nimekaa kwenye ukuta na chupa tupu. Nikamsalimu, "Bonjour, Monsieur," na hapa niseme kabisa: hii salamu usiiruke popote, dukani, hotelini, njiani. Kuanza kuuliza swali bila Bonjour ni sawa na kuingia nyumba ya watu bila kupiga hodi, na majibu utakayopata yatalingana na hilo. Mzee akacheka, akaninyoshea kidole kwenye ukuta mweupe wenye lango la chuma nje kidogo ya kijiji. Makaburini.

Nilisita, nakiri. Kwetu Moshi hatuendi makaburini kutafuta maji ya kunywa. Lakini mzee aliingia mbele yangu, na kando tu ya lango palikuwa na bomba. Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina makaburi yake, na karibu kila makaburi yana bomba, kwa sababu watu huja kumwagilia maua ya wafu wao. Waendesha baiskeli wa huku wanajua jambo hili tangu utotoni, ndiyo maana hakuna anayelitaja. Mimi nalitaja kwa sauti kubwa! Tangu siku ile sikununua tena maji. Mbinu ni hii: ukiwa mbali, tafuta mnara wa kanisa. Makaburi yako ama ubavuni mwa kanisa, ama mwisho wa kijiji ndani ya ukuta, mara nyingi miberoshi ikichungulia. Kwenye ramani nzuri za karatasi yana alama ya misalaba. Soma kwanza kibao juu ya bomba: kikiandikwa "eau non potable", hayo si ya kunywa, nenda kijiji kingine. Vua kofia ngumu, usinawe miguu pale, usipige kelele, na ukitoka funga lango vizuri. Mara mbili tatu nilikuta akina mama wazee wakisafisha makaburi ya waume zao, na nilipowaamkia walifurahi, mmoja akaniuliza natoka wapi, tukazungumza kwa Kifaransa changu cha kazini kwa muda mrefu, yeye akishika ndoo na mimi chupa.

Ule mlima niliuacha. Niliteremka tena Tournus, nikalala hapo, nikapata nafasi ya kuingia kanisa la Saint-Philibert lenye nguzo nene za duara zinazokufanya uongee kwa kunong'ona, kisha nikachukua treni hadi Chalon nikaanza pale ilipoanza reli. Brancion niliifikia baadaye, kutokea Cormatin, hema na mifuko nikiwa nimeviacha kambini. Bila mzigo ni mlima mwingine kabisa. Kuna ngome ya zama za kati, kanisa dogo lenye michoro ya kale ukutani, na bonde lote chini yako. Njiani pitia Chapaize, kanisa la karne ya 11 lenye mnara mrefu kupita kiasi kwa kijiji kile.

Kuhusu chakula: nunua mkate asubuhi. Usijiambie utanunua mbele. Jumatatu maduka mengi ya mikate hufungwa, na Jumapili mchana usitegemee kitu. Mimi nilibeba mkate, nyanya na vile vijibini vidogo vya maziwa ya mbuzi vya Mâconnais, vinavyouzwa sokoni kwa bei ya chini ya kikombe cha kahawa. Kambi za manispaa nazo ni rahisi, euro kumi na kitu kwa mtu mwenye hema, na bafu lenye maji ya moto.

Taizé, kijiji chenye jumuiya ya watawa Wakristo inayojulikana kwa nyimbo zake za sala, iko juu kidogo ya njia, kati ya Cormatin na Cluny, na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kwanza ya safari. Kwaya yetu ya vijana iliimba nyimbo za Taizé miaka na miaka, na wako waliokwenda mkutano wao wa Nairobi mwaka 2008. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Bruda Roger, aliyeanzisha jumuiya ile mwaka 1940, alitoka Geneva kwa baiskeli kutafuta nyumba, akafika kijiji hiki. Nikakipanda kile kilima nikiwa na nguvu mpya. Kengele zikalia, nikaketi sakafuni na mamia ya vijana, na wimbo ulipoanza nilikuwa naujua kwa moyo. Nililia, na sijali anayejua. Ukitaka kukaa wiki, jiandikishe mapema. Mchango unategemea unatoka nchi gani.

Cluny inahitaji siku nzima na miguu, baiskeli ifunge mahali. Abasia yake, yaani monasteri ya watawa, ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake la tatu, lililoanza kujengwa 1088, lilikuwa na urefu wa mita 187, kubwa kuliko makanisa yote ya Wakristo hadi lilipojengwa upya la Mtakatifu Petro Roma. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa, likabomolewa likageuzwa machimbo ya mawe. Kilichosalia ni bawa moja na mnara wake, na hicho tu kinakufanya ukunje shingo. Panda mnara wa Tour des Fromages ulione eneo lote kwa juu; ndipo utakapoelewa ukubwa wa kilichopotea.

Kutoka Cluny kwenda kusini kuna handaki la Bois Clair, kilomita 1.6 chini ya mlima. Kuna taa, lakini washa na yako, na vaa sweta hata Julai. Majira ya baridi hulifunga kwa ajili ya popo wanaolala humo, na hapo itabidi upande mlima juu yake. Ukitokea upande wa pili, ngome ya Berzé-le-Châtel inakusubiri juu ya mizabibu.

Nilipofika Prissé niliiacha njia, nikapitia Davayé hadi mwamba wa Solutré, mita 493 juu ya usawa wa bahari. Baiskeli niliifunga chini nikapanda kwa miguu, chini ya saa moja. Rais Mitterrand wa Ufaransa alikuwa akiupanda kila mwaka wakati wa Pentekoste. Watu watakuambia kwamba wawindaji wa kale walikuwa wakiwasukuma farasi waanguke kutoka kileleni. Hiyo ni hadithi ya riwaya ya karne ya 19. Mifupa ni kweli, mingi mno, ila iko chini ya mwamba mahali ambapo farasi wa kuanguka asingefika. Waliwaotea na kuwaua hapo hapo chini. Jumba la makumbusho lililo chini linaeleza vizuri, ingieni.

Kurudi ni treni ya mkoa kutoka Mâcon-Ville. Baiskeli ni bure, inatundikwa kwenye ndoano behewani. Jumapili jioni hujaa na unaweza kuachwa. Mimi nilipanda ya mchana na ndoano karibu zote zilikuwa wazi.