Nanofaradi 46.8 zisizouzwa dukani

Bibi yangu aliacha kaseti nne za hadithi alizozisimulia kwa sauti yake mwenyewe, na mwaka jana niliamua kuzihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujaharibika. Redio kaseti pekee niliyoipata ikiwa nzima ilikuwa na mvumo mzito wa umeme, ule wa hezi 50 unaotoka kwenye transfoma yake, nao ulisikika waziwazi kila bibi alipotulia kuvuta pumzi. Programu ya kompyuta ingeweza kuufuta baadaye, lakini nilitaka kuuzuia mapema, kwa sababu mvumo mkubwa ukishaingia hujaza nafasi ambayo sauti yenyewe ingeitumia.

Nilichagua kichujio cha T mbili, saketi yenye matawi mawili ya umbo la T inayozima mlio mmoja uliochaguliwa. Katika T ya kwanza kuna rezista (vipinga umeme) mbili zinazofuatana, na kutoka katikati yake kapasita (kihifadhi chaji) moja inashuka hadi kwenye ethi, yaani waya wa volti sifuri. Katika T ya pili mambo yamegeuzwa, kapasita mbili zinafuatana na rezista moja inashuka. Kapasita inayoshuka lazima iwe mara mbili ya kila moja ya zile zinazofuatana, na rezista inayoshuka iwe nusu ya wenzake. Nikitumia rezista za kilo-omu 68, hesabu inadai kapasita za nanofaradi 46.8 (nanofaradi ni kipimo cha ukubwa wa kapasita), na ile ya kushuka iwe 93.6.

Nilipomtajia muuzaji wa Kariakoo tarakimu hizo, alinijibu kwa upole: “Kaka, ipo 47, na juu yake ni 56. Hiyo 93 haipo, labda uchukue 100.” Alisema kweli, kwa kuwa kapasita za kawaida hutengenezwa kwa ngazi, kila moja ikiizidi iliyotangulia kwa takriban asilimia 20, na baina ya 82 na 100 hakuna kitu. Nikanunua kumi za 47, kwa matumaini kwamba mbili zikiunganishwa sambamba zingenipa 94, ambayo inatosha kabisa.

Kosa langu lilikuwa kuyaamini maandishi. Kila moja ilikuwa imeandikwa 473K, yaani nanofaradi 47, na herufi K inaruhusu tofauti ya asilimia 10 juu au chini, yaani kitu chochote kuanzia nanofaradi 42.3 hadi 51.7. Nilizichomea kwa risasi bila kuzipima, kisha nikapitisha milio kutoka kwenye simu, hezi moja baada ya nyingine, na kichujio kikanyamaza kwenye hezi 52 badala ya 50. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini T mbili zikiachwa peke yake hupunguza sauti kwa upana mno, kuanzia hezi 12 hivi hadi 212, na sauti nene ya bibi ingepungukiwa. Ndiyo maana nilikuwa nimeongeza IC ya TL072, chipu ya kukuza mawimbi, inayorudisha sehemu ya sauti nyuma ili mkato, yaani eneo linalozimwa, uwe mwembamba wa hezi 10 tu, na kwenye mkato mwembamba kiasi hicho, kukosea kwa hezi 2 kuliacha theluthi nzima ya mvumo.

Nilizing’oa zote, nikaziacha zipoe, kisha nikazipima moja moja kwa multimita bila kuzishika kwa vidole, maana joto la mkono hubadilisha kipimo. Zilisoma kuanzia 44.7 hadi 46.2, zote zilikuwa pungufu, kama mtu angetarajia kwa bidhaa zilizotoka kwenye fungu moja. Hali hiyo ni nzuri kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kapasita zikiunganishwa sambamba thamani zake hujumlishwa, na ni rahisi kuongeza kidogo kuliko kupunguza. Ile ya 45.8 niliipachikia ya nanofaradi 1. Ya 45.1 niliipa 1.5 na pikofaradi 220 (yaani nanofaradi 0.22), ikafika 46.82. Kwa mguu wa kushuka nilichukua ya 45.4 na ya 45.6, nikaongeza 2.2 na pikofaradi 390, jumla 93.59.

Kinachonifurahisha zaidi katika njia hii ni kwamba kile kinyongeza kidogo hakihitaji kuwa sahihi sana. Kapasita ya nanofaradi 1 ikikosea kwa asilimia 10, kosa lake ni nanofaradi 0.1, ambayo ndani ya 46.8 ni kama asilimia 0.2 tu. Ningekuwa na iliyozidi, tuseme 47.9, ningeifuatanisha na kubwa ya mikrofaradi 2.2, nayo ingeshuka hadi 46.88; kosa la ile kubwa nalo lingepungua vivyo hivyo. Hata multimita ya bei nafuu inafaa, kwa kuwa ikikosea huzikosea zote kwa uwiano uleule, na uwiano kati ya kapasita ndio unaofanya mkato uwe na kina. Nisingethubutu, hata hivyo, kutumia zile za seramiki za bei rahisi zenye thamani kubwa, kwa maana hubadilika sana kwa joto. Za poliesta zinatulia vizuri zaidi.

Nilipowasha tena, milio ya simu ilizimika kwenye hezi 50. Nikaweka kaseti ya kwanza, na nikasikia bibi akikohoa kabla ya kuanza, jambo ambalo sikuwahi kulisikia ndani ya ule mvumo. Umebaki mvumo mwembamba wa hezi 100 unaotokana na daiodi za pawasaplai, nao unadai kichujio cha pili chenye kapasita za nanofaradi 23.4. Hizo nazo haziuzwi, lakini mbili za 46.8 zikifuatana hutoa 23.4 kamili, na ya kushuka ni 46.8 yenyewe, kwa hiyo kapasita sita zilizobaki kwenye mfuko, zikiongezewa kidogo kama wenzake, zinatosha.