Nilivyopata boti ya ski kwa dola 9,000

Fedha zenyewe zilikuwa zamu yangu ya chama, dola 9,000, na mke wangu alishasema mapema: boti, trela, usajili, makoti ya kuokolea, vyote vimo humo humo. Tunaishi Minnesota, jimbo linalojisifu kwenye namba za magari kuwa lina maziwa 10,000, na ndiko mchezo wa ski za maji ulikoanzia. Mwaka 1922 kijana wa miaka 18, Ralph Samuelson, alichukua mbao za msonobari, akachemsha ncha zake mpaka zikapinda, akavutwa na ndugu yake kwa boti juu ya Ziwa Pepin. Mimi mjomba wangu ni fundi wa majahazi Matondoni, kule Lamu, kwa hiyo habari ya kuupinda ubao haikunishangaza. Kilichonishangaza ni bei. Boti nyingi mpya za kazi hii zinapita dola 100,000.

Ningeweza kuchukua boti ya kawaida yenye mashine nyuma, ni rahisi zaidi. Lakini ile yenye injini ndani propela yake imejificha chini ya tumbo, haichomozi nyuma anakopandia mtu, na kamba inafungwa kwenye kinguzo kilicho karibu na katikati ya boti. Mtu akijivuta pembeni kwa nguvu, tezi, yaani nyuma ya boti, haiyumbi naye.

Halafu kukawa na ugomvi wa nyumbani. Mimi nataka ski, wanangu wawili wanataka wekibodi, ubao mmoja mpana wa kusimamia miguu yote miwili, na vitu hivi havipendi wimbi moja. Wa ski anakwenda kama kilomita 55 kwa saa na anataka maji yalale. Wa wekibodi anatosheka na 37 hivi, lakini bila wimbi la kurukia hana raha. Boti yenye injini katikati huacha wimbi dogo; yenye injini kule tezini hukaa nzito nyuma na kulikuza, na bei yake hukua nalo. Nikaamua injini katikati, na wanangu nitawanunulia mifuko ya kujaza maji ya kuongeza uzito. Walinuna siku mbili.

Boti ya kwanza niliyoiona ilinikosesha usingizi kwa uzuri. Viti vipya, spika nne, rangi nyekundu yenye vumbi la kumetameta. Tangazo lilisema ya 1990. Nikainama upande wa kulia wa tezi, palipochongwa namba ya bodi, nikasoma tarakimu mbili za mwisho, ambazo ndizo mwaka wa toleo: 88. Mwenyewe akasema labda alichanganya. Nikampigia mjomba kwa video, nimwonyeshe hivyo hivyo.

"Viti umeshanionyesha, mjomba. Sasa ingia ngamani."

Nikafunua kifuniko cha injini, niione ngama, kule chini kabisa ya boti maji yanakotuama. Chini ya sakafu ya boti hizi kuna maboriti marefu mawili yanayotoka omo, yaani mbele, hadi tezi, na injini imefungwa juu yake kwa bolti ndefu. Boti nyingi za zamani maboriti hayo ni mbao zilizofunikwa faiba. Maji yakishapenya kwenye tundu la bolti, mbao huoza ndani kwa ndani na faiba inabaki inang'aa. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi: mbele ilijibu ko, ko, karibu na injini ikajibu kama papai. Nikashika bolti kwa spana, nikaikaza. Ikazunguka. Nikaizungusha tena, ikazunguka tu, haishiki kitu. Mjomba alisikia mpaka Lamu.

"Toka humo," akasema.

Kuyabadilisha maboriti hayo ni kung'oa injini na sakafu nzima, kazi inayoweza kupita bei ya boti yenyewe. Nikashukuru, nikaondoka.

Wiki tatu baadaye nikapata boti ya ski aina ya Ski Nautique, ya 1994, viti vimepasuka, rangi imefifia kama kanga ya kudekia. Kiwanda chake kilikuwa kimeacha mbao kwenye maboriti mwaka 1993, na hilo ndilo lililonipeleka. Nilimwomba mwenyewe kwa simu asiiwashe kabla sijafika, maana injini iliyokwisha pashwa moto huficha mengi. Nikaweka kiganja kwenye bloku: baridi. Nikachomoa kijiti cha oili. Huku kwenye baridi, mtu asipotoa maji kwenye injini kabla ya majira ya barafu, maji huganda na kupasua bloku, na oili ikichanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeusi, chafu, salama. Fundi niliyemlipa akapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: silinda zote nane zilikaribiana.

Tukawasha feni ya kutoa mvuke wa petroli dakika nne, ndipo tukawasha injini. Ziwani haikutetemeka, ikimaanisha shafti haikupinda. Kurudi nyuma ilikataa usukani kabisa, inavuta upande mmoja tu, nikadhani ni ugonjwa. Kumbe ndivyo zilivyo boti hizi zote, unazizoea.

Tulikubaliana 7,200. Zilizobaki zilimezwa na matairi ya trela, ambayo kwa furaha sikuyatazama hata kidogo, impela mpya ya pampu ya maji, na makoti.

Minnesota sheria inataka kizibo cha chini kitolewe boti ikiwa barabarani, ili maji ya ziwa moja yasihamishie kome wageni ziwa jingine. Siku ya kwanza nilikitoa vizuri. Kukirudisha ndiko kulikonishinda. Tumefika katikati ya ziwa, binti yangu akauliza, "Baba, mbona ndala zangu zinaelea?" Tulirudi ufukweni mbio, pampu inatapika maji ubavuni, watu gatini wanatutazama.

Nikamsimulia mjomba. Alicheka mpaka akakohoa. "Nilikwambia uingie ngamani, mjomba. Sikukwambia uilete ngama kwenye viti."

Kizibo sasa kinafungwa kwenye ufunguo wa injini. Bila kukishika, boti haiwaki.