Jinsi nilivyorekebisha chakula kibichi cha mbwa wangu

Mbwa wangu alipofikisha miezi 5 alianza kuchechemea, na kila nilipomgusa mguu wa nyuma alilia kwa sauti nyembamba iliyoniuma sana. Nilikuwa nikimlisha steki mbichi tupu kutoka buchani, nikiamini kwamba hakuna mlo bora kuliko huo. Daktari wa mifugo alinionyesha kwenye picha ya eksirei mifupa iliyofifia kama kivuli, akanieleza kuwa nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, hivyo mwili wa mbwa huichota kalsiamu katika mifupa yake wenyewe.

Kwa vipimo alivyonipa, niliongeza shingo za kuku mbichi pamoja na mifupa yake, kwa kuwa mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali. Maini hayazidi asilimia 5 ya mlo, maana yakikithiri vitamini A hugeuka sumu, nami huyachemsha kwanza, kwani maini na mapafu ya mifugo huweza kubeba vifuko vya tegu ambaye mbwa humwambukiza binadamu. Baada ya wiki 6 za mapumziko alizipanda ngazi za baraza mwenyewe, bila kulia.