Mkono nje ya bajaji

Nimetoka kumsindikiza mama uwanja wa ndege hapa Mtwara, anakwenda Dar. Mpwa wangu wa miaka saba kang'ang'ania kuja.

Ndege ikakimbia, ikakimbia, pua ikainuka, hiyooo.

"Mjomba, mbona haipigi mabawa kama kunguru?"

Nikakwama. Fizikia ya sekondari sijui niliiacha wapi.

Kwenye bajaji kurudi Mikindani akatoa mkono nje (nilimkemea, ila baadaye 😅). Kiganja kikiwa bapa, kimetulia. Akakiinua kidogo upande wa mbele, upepo ukaurusha mkono juu mpaka kiwiko kikagonga chuma. Macho yakamtoka!

Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo. Bawa linasukuma hewa chini, hewa nayo inalisukuma bawa juu. Ndiyo maana lazima ikimbie kwanza.

"Na helikopta?"

Ile inazungusha mabawa yenyewe, kama pangaboi. Kwa hiyo inanyanyuka hapo hapo iliposimama.

Dereva akadakia: "Kumbe! Mi nilijua injini tu ndiyo inabeba."

Sasa tuko nyumbani, kaniuliza ndege ikizima injini huko juu inadondoka kama nazi?

Walimu wa fizikia, njooni mnisitiri. Nimjibu nini?